Maiti Haulizwi Sanda: Mpelelezi na Mwandishi wa Habari Chini ya Paa Moja

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi alasiri mbele ya wapenzi wa vitabu hapa Tanga mjini. Wengi mlikosa, wengine kwa mvua, wengine kwa msiba uliokuwa Makorora. Nimeiandika yote kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Sisi wa Tanga tuna usemi wetu, waja leo waondoka leo. Kila mtu ana tafsiri yake. Mimi usemi huu ulinikaa vizuri nilipokuwa naripoti habari za mahakamani. Niliona kwamba muuaji naye huingia mjini na nia hiyohiyo: aje leo, aondoke leo. Atimize lake, apande basi la alfajiri, mji ubaki na maiti yake. Na mara nyingi, ndugu zangu, angefanikiwa, lau si muuza kahawa aliyekuwa ameshakaa kwenye kona na birika lake, akamwona anapita bila kutoa salamu.

Mmenialika nizungumzie riwaya ninayoiandika. Ni riwaya ya upelelezi. Inspekta Mwanaidi ni mpelelezi. Mumewe, Kassim, ni mwandishi wa habari wa mkoani. Wanakaa Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu za namba, nyumba ya vyumba vitatu yenye mwembe uani. Wanawake wawili wamekufa, mmoja hapa mjini, mwingine Pangani, na wote wawili wamezikwa kabla mtu yeyote hajauliza swali. Mume na mke hawa wanamsaka muuaji mmoja. Sitawaambia ni nani. Nataka kuwaambia kwa nini nimewaweka watu hawa nyumba moja.

Mtu anaweza kuuliza, mpelelezi na mwandishi wa habari wamekutania wapi? Wanajuana zamani. Bwana Msa, mpelelezi ambaye baba zetu walimsoma kwa taa ya kandili, aliingia kitabuni mwaka 1960 katika Mzimu wa Watu wa Kale. Aliyemwandika, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, alikuwa mwandishi wa habari. Ben Mtobwa, aliyetupa Joram Kiango, naye alikuwa mwandishi wa habari. Mnaona? Kalamu ya gazeti ndiyo iliyomlea mpelelezi wetu wa Kiswahili. Mimi nimewafungisha ndoa tu.

Lakini ndoa hiyo naijua kwa ndani. Mume wangu, Mungu amweke, amekaa kiti cha nyuma karibu na mlango, kama anavyokaa kila mahali. Alianza askari kanzu, akapanda cheo, sasa amestaafu. Mimi nilikuwa naandikia gazeti ambalo sitalitaja, kwa malipo ya habari iliyochapishwa. Isiyochapishwa, nauli yako imekwenda na maji. Kwa hiyo fikirieni nyumba yetu. Mmoja analipwa kwa kunyamaza. Mwingine analipwa kwa kusema. Na wote wawili wanakula sahani moja ya wali.

Usiku mmoja wa miaka ya 1990 simu ya mezani ililia. Ilikuwa Jumanne. Mume wangu alizungumza kwa sauti ya chini, nami nikasikia mambo matatu: jina la mtu, jina la kijiji, na maneno "Ijumaa alfajiri". Mnadhani nilifanya nini? Nilikuwa kijana, nina mtoto mgongoni na habari ya ukurasa wa kwanza mdomoni. Sikuandika jina la mtu. Sikuandika jina la kijiji. Niliandika tu kwamba polisi wameshajua alipo mtuhumiwa wa mauaji yale. Nilijiona nimekuwa mwangalifu.

Gazeti lilifika Tanga Alhamisi mchana. Ijumaa alfajiri askari walikuta chungu cha uji kingali jikoni, moto haujazimika. Mtu yule alipatikana baada ya miezi saba. Na ndani ya miezi hiyo saba alimkata mtu mwingine kwa panga. Aliishi, yule mtu. Namshukuru Mungu kila nikimkumbuka, na namkumbuka mara nyingi.

Mume wangu hakunigombeza. Siku ya pili alikuja fundi, simu ikahamishwa kutoka sebuleni ikawekwa ukumbini karibu na mlango wa nje. Tangu hapo alizungumza akiwa amesimama, uso kaugeuzia ukutani. Kwa miaka mingi kila simu ilipolia nilikuwa natazama mgongo wa mume wangu.

Sasa subirini, msinihukumu bado. Nina kisa cha pili.

Aliuawa binti mmoja, akaokotwa ufukweni. Sitasema ufukwe upi, kwa sababu wazazi wake walikuwa watu wa heshima na ndugu zake wapo. Mtaani ikavuma kwamba aliyeonekana naye mwisho ni mchuuzi wa samaki, kijana wa baiskeli, mwenye tenga nyuma. Mume wangu alijua, siku ya pili tu, kwamba kijana yule asubuhi ile alikuwa Deep Sea kwenye mnada wa samaki, na watu zaidi ya kumi walimwona. Alijua, akanyamaza. Upelelezi ni siri, ndivyo alivyofundishwa, na alikuwa mwaminifu kwa mafunzo yake.

Uvumi haujui siri. Ulitoka kisimani ukaenda barazani, ukatoka barazani ukaenda sokoni. Siku ya nne watu walimzingira yule kijana na tenga lake. Mwanamke mmoja, mama ntilie, ndiye aliyemlalia juu kwa mwili wake mpaka mjumbe wa nyumba kumi akafika. Uhai ulibaki. Mkono wa kulia haukurudi kuwa mkono.

Habari ile niliiandika mimi. Mnajua nilivyoiandika? "Wananchi wenye hasira kali." Maneno hayo tumeyarithi, tunayachapa kila wiki, na kila nikiyasoma leo moyo unaniuma. Hasira kali ya nani? Wale walikuwa majirani zangu. Mmoja ananiuzia mchicha mpaka leo. Tukisema "wananchi wenye hasira kali" tumekwishawasamehe kabla hawajaulizwa, tumefanya kama vile ilikuwa mvua ya mawe iliyoshuka yenyewe. Mume wangu angeniambia sentensi moja, "huyu kijana siye", ningeiandika, na kijana yule angekuwa bado anashika baiskeli kwa mikono miwili.

Basi niambieni. Maneno yangu yalimkimbiza mwenye hatia. Kimya chake kilimvunja mkono asiye na hatia. Nani kati yetu alikuwa na haki?

Sura ya tisa ya riwaya yangu ni ugomvi huo. Hakuna risasi, hakuna mbio za pikipiki. Ni Mwanaidi na Kassim jikoni, samli inaungua, mtoto amelala chumba cha pili, na kila mmoja anamwambia mwenziwe kwa kunong'ona kwamba ameua. Nimeiandika mara sita na bado haijakaa.

Nilipomweleza rafiki yangu mmoja hadithi hii aliniuliza: kwa nini umemfanya mwanamke ndiye mpelelezi? Nilimjibu kwa swali. Maiti ya mwanamke, kwetu hapa, nani anaiona?

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo moyo wa kitabu ulipo.

Mtu akifa Tanga, na hasa kwa sisi Waislamu, maiti haicheleweshwi. Amekufa usiku, adhuhuri ya kesho tumeshamsitiri. Wanaume wako nje chini ya turubai, wanaulizana kaburi limefika wapi. Wanawake wako ndani kwenye mikeka. Na chumba kimoja kimefungwa mlango, maji yanatiririka, karafuu maiti inanukia. Mwanamke huoshwa na wanawake. Hao waoshaji, mabibi wawili au watatu, ndio watu wa mwisho duniani kuuona mwili wake wote. Na dini imewapa amana: ulichokiona kwa maiti kisitiri. Ukiona aibu usiitangaze.

Mnaona ninapokwenda?

Bibi muosha maiti ameona alama za vidole shingoni. Ameona ndani ya kope za macho vidoa vidogo vyekundu, kama mtu aliyemwagiwa tone la bizari nyekundu. Yeye hakusomea udaktari, hajui kwamba vidoa vile ni mishipa midogo ya damu iliyopasuka, na kwamba daktari akiviona huanza kufikiria shingo iliyobanwa. Anachojua ni kwamba ameosha maiti kwa miaka arobaini na hajaona macho ya namna ile kwa mtu aliyekufa usingizini. Anajua. Na amefungwa na amana. Atamwambia nani? Mjukuu wake? Imamu? Askari mwanamume aliyesimama uani na daftari, ambaye hata akikohoa wanawake wanajifunika?

Mwanaidi anaingia msibani na kanga mbili kama wengine. Anakaa mkekani. Anashika kisu, anamenya vitunguu pamoja na wenziwe. Hafunui kitambulisho. Siku ya tatu, baada ya hitima, anamfuata yule bibi kwake, na mazungumzo yao yamechukua kurasa kumi na nne. Mwanaidi hamwambii "vunja amana". Anamwuliza: "Bibi, amana hii ni ya nani? Ya marehemu, au ya aliyemfanya awe marehemu?" Bibi ananyamaza mpaka adhana ya alasiri. Wazee wetu walisema mwosha huoshwa. Yule bibi anafikiria siku yake mwenyewe, nani atamwosha, na nani atasema atakachokiona.

Mhenga mwingine alisema maiti haulizwi sanda. Nimelala na methali hiyo miaka mingi. Hatumwulizi sanda, sawa, lakini katika hadithi zetu nyingi za mauaji hatumwulizi lolote. Anaonekana ukurasa wa kwanza amelala chali, tunahesabu majeraha, halafu tunamsahau kwa kurasa mia mbili huku tukishangilia ujanja wa mpelelezi. Jina lake nani? Alikuwa anadaiwa na nani? Alipenda taarabu? Alikuwa na shamba la minazi lililomuudhi shemeji yake? Mimi nimempa kila marehemu sura yake nzima, akiwa hai, kabla hajaguswa.

Na kuna jambo moja gumu zaidi. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, mume anaruhusiwa kumwosha mkewe. Katika riwaya yangu, mume wa marehemu wa kwanza aliwaomba mabibi watoke, akasema nitamwosha mke wangu kwa mikono yangu. Watu walilia kwa kuguswa. Ni yule bibi mmoja tu aliyebaki, wa kumiminia maji. Sasa niambieni, mwanamume yule alikuwa anaficha shingo, au alikuwa anaaga? Mkiangalia kwa nje, matendo ni yaleyale. Mikono ni ileile, maji ni yaleyale, machozi ni yaleyale. Kassim anaandika kwa haraka na anajibu swali hilo gazetini baada ya siku mbili. Mwanaidi anachukua miezi mitano.

Kwa nini miezi mitano? Wengi wenu hukasirika mkisikia mahakamani "upelelezi haujakamilika". Mimi pia nimekasirika, nimekaa kwenye mabenchi yale. Lakini hebu tazameni kazi yenyewe. Maiti imeshazikwa. Kaburi halifukuliwi kwa jembe la askari mwenye hamu, linafukuliwa kwa amri ya mahakama. Daktari anakuja, anatafuta shingoni kifupa chembamba kilichopinda kama mpini wa ndoo, ambacho mtu akikabwa huweza kuvunjika. Huweza, si lazima. Mfupa hauozi upesi kama nyama, kwa hiyo baada ya miezi bado una neno la kusema. Sampuli zikihitajika zinasafiri kwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mahali pote hapo pana foleni, pana fomu, pana mtu aliye likizo.

Na nataka kuwaambia kuhusu kofi. Mmeliona kofi hilo kwenye hadithi na filamu nyingi. Mpelelezi shujaa anamfungia mtuhumiwa chumbani, anamzaba vibao, mtuhumiwa anatapika ukweli wote, sisi tunapiga makofi. Ndugu zangu waandishi vijana, mnaoandika hadithi za simu zile za kila jioni, nawaomba. Liacheni kofi hilo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imempa askari muda wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi, saa 4 za awali, na zikitakiwa zaidi pana utaratibu wa kuziongeza. Ungamo lazima liwe la hiari. Wakili akisimama akasema mteja wangu alipigwa, jaji anasimamisha kila kitu na kuendesha kile wanachokiita kesi ndani ya kesi. Wanaangalia ungamo lile tu, lilipatikanaje. Likitupwa, limetupwa.

Mume wangu aliwahi kurudi nyumbani siku ya kesi ya namna hiyo. Kofi halikuwa lake, lilikuwa la mwenziwe wa kituo kingine. Mtu waliyeamini kabisa kwamba ndiye muuaji, alitoka mlango wa mbele wa mahakama akiwa ameshika mkono wa mama yake. Mume wangu alivua viatu, akakaa kizingitini, akasema: "Kibao kile kimemwua marehemu mara ya pili." Sikuandika habari siku ile. Nilichemsha maji ya chai.

Na kumbukeni pia uzito ulio upande wa pili. Kuua kwa kukusudia, kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu, adhabu yake kwetu ni kunyongwa mpaka kufa. Hakuna dhamana wakati wa kusubiri. Mtu anayeungama kwa kofi anaweza kuwa anajitundika kitanzi ambacho si chake. Ndiyo maana Mwanaidi hapigi mtu katika riwaya nzima, na msomaji mmoja wa mswada alilalamika kwamba hana makali. Makali yake yako kwenye kungoja.

Nirudi kwa Kassim, nisimwonee. Nampenda Kassim. Ni yeye anayekwenda Pangani kwa nauli yake, anayevuka kivuko akaongea na wavuvi, anayegundua kwamba mwanamke wa Pangani alikuwa na barua ya mwanamke wa Tanga. Polisi wa wilaya mbili walikuwa na mafaili mawili, na mafaili hayasalimiani. Mwandishi wa habari hana mpaka wa wilaya. Pasipo Kassim, wale ni wanawake wawili waliokufa kwa presha. Kosa lake ni neno moja tu. Aliandika "muuaji" mahali ambapo haki yake ilikuwa kuandika "mtuhumiwa".

Mnadhani ni jambo dogo? Wangapi hapa mlipelekwa mapango ya Amboni na shule? Mlitajiwa Osale Otango. Miaka ya 1950 serikali ya mkoloni ilimsaka mtu huyo, na mapango yale yanatajwa kuwa maficho yake. Nyumbani kwetu bibi alimwita jambazi, na akilitaja jina alishusha sauti. Mjomba, mtoto wa bibi huyohuyo, alimwita mpigania uhuru, na akilitaja jina alipandisha kifua. Nyumba moja, mtu mmoja, majina mawili, na kila jina lilikuwa na ushahidi wake. Nilikuwa na miaka minane. Nadhani uandishi wangu ulianza kwenye ule mkeka, kati ya bibi na mjomba, nikitaka kujua mtu huwaje kabla hajapewa jina.

Yule binti wa ufukweni niliyemtaja mwanzo, aliyemponza kijana wa samaki pasipo yeye kujua. Muuaji wake hakupatikana. Mama yake alikuwa akija kwetu kila Idi, analeta visheti, anakaa robo saa, haulizi kitu, anaondoka. Alikuja hivyo miaka kumi na moja. Alipofariki nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Riwaya hii nimeianza baada ya siku hiyo, na marehemu wa kwanza nimempa kicheko cha binti yule, ambacho nakikumbuka kwa sababu alikuwa akipita nyumbani kwetu kwenda chuoni.

Baba watoto alimshuku mtu. Hajaniambia, lakini najua, kwa sababu kwa mwaka mzima alikuwa akienda sokoni kwa kupita mtaa ambao si njia yake. Nimemwuliza jina mara nyingi. Juzi nimemwuliza tena. Nikamwambia wewe sasa ni mstaafu, mimi gazetini siandiki, hii ni riwaya tu, tena jina nitalibadilisha.

Akafikiri kwa muda mrefu. Akasema, "Sikumthibitisha." Kisha akainuka kwenda kufunga madirisha, mvua ilikuwa imeanza.